Nguo ya Mfupa

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya milima ya Uluguru, Chausiku alipigana na kinu. Hayakuwa mapigano ya chuki. Yeye alishika mchi, kinu kilishika mahindi, na pambano liliendelea mpaka unga upatikane. Kinu chenyewe kilikuwa kikubwa, cheusi, kizito kuliko beberu. Bibi Mwaisha alikirithi kwa mama yake, kisha akampa binti yake Mosi siku alipoolewa. Kwa Waluguru ukoo hushikwa upande wa mama, kwa hiyo kila mtu pale Kilakala alijua kwamba siku moja kinu kile kitakuwa mali ya Chausiku, binti wa Mosi. Chausiku mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili na malengelenge viganjani, hakuwa na haraka yoyote ya kurithi.

Asubuhi moja, hajamaliza hata kupepeta, baragumu lililia barabarani.

"Wameanza," alisema Mosi kutoka ndani, mtoto mchanga kifuani. "Leo ni zamu ya nyumba yetu."

Ilikuwa enzi ya Wajerumani. Gari moshi lilikuwa limekwisha kufika Morogoro, na Wajerumani walikuwa wamegundua kwamba milimani mna ulanga, lile jiwe linalong'aa kama kioo na kubanduka tabaka kwa tabaka kama ganda la kitunguu. Waliupenda sana ulanga. Walipenda kuupima, walipenda kuupakia kwenye gari moshi, walipenda kuupeleka kwao Ulaya. Jambo moja tu hawakulipenda: kuubeba. Heshima hiyo waliwaachia wenye mlima. Akida, mtawala waliyemweka wao, alipanga zamu, kila nyumba ikatoa mtu, na nyumba isiyotoa mtu ilitoa mgongo wa kuchapwa viboko.

Baba yake Chausiku alikuwa amekwisha chukuliwa kujenga reli, mbele huko upande wa Kilosa.

"Nitakwenda mimi," alisema Chausiku.

"Mwanangu, mizigo ile ni ya watu wazima."

"Na huyo mchanga atanyonyeshwa na nani, mama? Na nyapara?"

Chausiku alitupa ungo chini, akajifunga kanga kiunoni na kutoka amekunja uso. Alikuwa na hasira na akida, ana hasira na ulanga, ana hasira na mlima kwa kukubali kuwa na ulanga.

Kambini, nyapara aliyeitwa Hatibu aliwapanga wabebaji wawiliwawili. Mzigo mmoja ulikuwa bonge la ulanga lililofungwa ndani ya mkeka na kuning'inizwa kwenye mti. Mmoja huweka ncha ya mbele begani, mwenzake huweka ya nyuma. Huo ndio ubebaji wa mzegamzega.

"Wewe binti, na huyu hapa," alisema nyapara.

"Huyu hapa" alikuwa Pazi. Chausiku alifumba macho. Katika wavulana wote wa miaka kumi na minne walioumbwa chini ya mbingu, kwa nini Pazi?

"Ahaa, mtani wangu!" Pazi alipiga kelele. "Nimefurahi. Niliambiwa leo nitabeba jiwe moja, kumbe nitabeba mawili. Moja limefungwa mkeka, moja limefungwa kanga."

Wabebaji walicheka. Chausiku alitabasamu kwa shida, meno yote nje na furaha hata kidogo. Alilazimika. Ukoo wa Pazi na ukoo wa Chausiku walikuwa watani tangu zamani za mababu, na sheria ya utani ni kali kuliko ya boma la Wajerumani, ingawa haina askari. Mtani wako akikutania, unaruhusiwa kucheka. Unaruhusiwa kumrudishia. Kununa huruhusiwi. Anayenuna hutozwa kuku, na kuku huyo huliwa mbele ya macho yake.

Walitembea. Pazi alitangulia, Chausiku akafuata nyuma. Pazi alitania kuhusu mwendo wa Chausiku, pua ya Chausiku, na mjomba wa Chausiku aliyewahi kukimbizwa na kondoo. Chausiku alimeza yote. Walishuka bondeni, wakavuka kijito, wakaanza kupanda upande wa pili, ambako njia imesimama kama ngazi.

Pazi alikuwa juu, Chausiku chini. Mzigo ulining'inia katikati, mbele ya magoti yake.

"Mtani!" Pazi aliita bila kugeuka. "Pokea zawadi kutoka kwa ukoo wetu!"

Akaunyanyua mti kwa mikono miwili, juu, juu kabisa ya kichwa chake.

Mzigo uliteleza kwenye mti kama chatu anavyoshuka mtini. Mkeka ulipasuka njiani. Ukingo wa ulanga, mkali kama wembe, ukamgonga Chausiku katikati ya ugoko, pale ambapo hapana nyama, ngozi imekaa moja kwa moja juu ya mfupa.

Hakupiga kelele. Sauti haikupata nafasi ya kutoka. Maumivu yalipanda gotini, yakapita tumboni, yakafika kwenye meno na kuyatikisa. Aliinama, akaona tundu dogo, na ndani ya tundu kitu cheupe. Kisha damu ikaja kukifunika kile cheupe, kama mtu anayeona aibu.

Pazi alikuwa anacheka. Alipogeuka na kuiona damu, kicheko kikakatika. Akatazama nyuma, njia nzima, akimtafuta nyapara.

"Nyamaza, mtani. Nakuomba, nyamaza. Akijua tumeangusha mzigo tutachapwa."

"Tumeangusha?" Sauti ya Chausiku ilikuwa ndogo na ya kutisha. "Sisi?"

"Haya, mimi. Nyamaza tu." Pazi alijaribu kutabasamu. "Halafu usinune. Ukinuna nakutoza kuku."

Chausiku alimtazama. Alimtazama kwa muda, akachagua mahali pa kulipiza. Mahali penyewe palikuwa ugoko wa Pazi.

"Nani amesimama huko?" nyapara alinguruma kutoka bondeni.

Wakaukunja mkeka uliopasuka, wakaufunga upya, upande mzima ukiwa juu. Chausiku akainua ncha yake ya mti. Alitembea mpaka stesheni huku damu ikiteleza kati ya vidole vya mguu, na kila hatua aliyopiga alimpiga Pazi moyoni mwake.

* * *

"Umefanyaje mguu?" Mosi aliuliza jioni.

"Nimejigonga kwenye kinu."

Uongo ulitoka wenyewe, haukubisha hodi. Chausiku alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri: alimjua mama yake. Mosi angebeba mtoto wake na sauti yake mpaka kwa akida kudai haki, na siku zile waliokwenda kudai haki walirudi na mistari mgongoni. Sababu ya pili haikuwa nzuri hata kidogo. Chausiku hakutaka mtu yeyote amwadhibu Pazi kabla yake. Hasira yake aliiweka kama mkulima anavyoweka mbegu, akiisubiri mvua.

Basi Bibi Mwaisha akaitwa. Bibi aliishi juu mlimani, na alikuwa muunga mifupa. Watu waliovunjika mikono walibebwa hadi kwake kutoka mbali, wakipiga kelele njia nzima. Walipofika walinyamaza, kwa sababu Bibi Mwaisha alikuwa anatisha kuliko kuvunjika mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete mguu, acha shikamoo." Aliubonyeza pembeni kwa kidole gumba. "Umejigonga wapi?"

"Kwenye kinu, Bibi."

"Kinu hiki hiki?"

"Hiki hiki."

"Mti huleta uvimbe, lakini hauachi kitu ndani," alisema Bibi. "Utapona kabla ya mwezi kuandama." Akachemsha majani, akaukanda mguu kwa kitambaa cha moto, akaufunga vizuri, akapanda zake mlimani.

Kidonda kilifunga juu. Ndani hakikufunga. Siku zilivyopita, ugoko ulivimba, ukang'aa, ukawa wa moto kama jiko. Homa ikaingia. Chausiku alilala mkekani akitetemeka mchana wa jua kali, na unyayo wa mtu ukipita karibu na mkeka, alilia.

Pazi alikuja kila siku. Alileta mua uliokwisha menywa na vichekesho vilivyokwisha chacha.

"Mtani, amka. Kinu kinakuulizia. Kinasema kimechoka kupumzika."

Chausiku aligeuza uso ukutani. Mua alioletewa aliuacha uliwe na sisimizi. Kilichomchoma zaidi ni kwamba Pazi aliona. Aliona uvimbe, aliona homa, alimwona Mosi akilia jikoni. Na bado midomo yake, ambayo haikuwahi kufungwa tangu azaliwe, ilikuwa imefungwa juu ya neno moja tu lililotakiwa.

Bibi Mwaisha alirudi. Alifungua kitambaa, akagusa kidogo juu ya uvimbe, na Chausiku akapiga yowe lililowatoa kuku uani. Uso wa Bibi ulibadilika. Alikuwa anaogopa, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa, alikasirika.

"Hii si kazi ya mti! Nimeunga mifupa tangu Wajerumani hawajaota hata ndoto ya kuja hapa. Pigo la mti halifanyi hivi!" Alisimama katikati ya ua, akakitazama kinu. "Kwa hiyo wewe si mti tu. Umeingiliwa na pepo."

"Mama!" Mosi alishtuka. "Hicho ni kinu chako. Cha mama yako!"

"Kilikuwa cha mama yangu. Sasa kinakula watoto. Nikikiacha hapa, mguu huu utakatwa, halafu kitarudi kumtafuta huyo mchanga. Kipasuliwe, kichomwe. Mtani yuko wapi?"

Kwa desturi, jambo zito la namna hiyo halifanywi na wenye nyumba. Hufanywa na mtani, maana mtani hashikwi na balaa la ukoo usio wake. Na mtani alikuwa palepale, mlangoni, mkononi ameshika kipande cha mua.

"Mimi?" alisema Pazi.

"Kuna Pazi mwingine? Chukua shoka."

Chausiku alijikokota mpaka kizingitini. Aliona mama yake ameketi chini, amejifunika uso kwa kanga. Aliona Pazi amesimama mbele ya kinu, shoka mkononi, jasho likimtoka kama aliyebeba ulanga wa mlima mzima. Macho yao yakakutana.

Sema, macho ya Chausiku yalimwambia. Sema sasa, ewe mwenye mdomo mrefu.

Pazi alitazama upande wa boma, ingawa boma halikuonekana kutoka pale. Akainua shoka. Akapiga.

Kipande cha mti mweusi kiliruka, kikaangukia karibu na mkono wa Chausiku.

"Weka shoka chini!" Chausiku alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Weka chini, mwoga wee! Kinu hakina kosa! Sikujigonga kwenye kinu, Bibi. Ni ulanga. Pazi aliunyanyua mti kunitania, mzigo ukanigonga. Nikadanganya. Mimi ndiye niliyedanganya!"

Shoka lilianguka lenyewe.

"Ni kweli," Pazi alisema, machozi yamemlenga. "Mimi niliunyanyua mti. Niliogopa viboko."

Bibi Mwaisha alikiacha kinu, akauinamia mguu.

"Ulanga," alisema taratibu. "Jiwe linalobanduka vipande. Na mimi nimekanda! Nimekanda moto juu ya kipande cha jiwe, nikakisukuma ndani kwa mikono yangu, nikafunga kitambaa juu yake kama zawadi!" Sauti ilipanda. "Mlimwogopa Mjerumani, mkanidanganya mimi. Mimi ndiye Mjerumani? Nimevaa viatu? Nimekuja hapa na gari moshi? Mosi, chemsha maji, tia chumvi. Lete wembe uupitishe motoni. Na wewe mpasua vinu, njoo umshike mwenzio mabega. Hutakimbia. Utatazama."

Pazi alitazama. Chausiku aliuma pindo la kanga, na Bibi akapasua uvimbe kwa mkono usiotetemeka. Usaha ulitoka, mwingi, wa kunuka. Bibi alisafisha, akasafisha tena, akainama karibu kabisa, kisha akavuta kitu kwa ncha za kucha mbili. Kilikuwa kigamba chembamba, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Alipokiinua juani kiling'aa.

"Huyu hapa mgeni wenu," alisema.

Mguu haukufungwa kwa kukazwa safari hii. Bibi aliuacha mdomo wa kidonda wazi ili uchafu utoke, akapaka asali, akaweka kitambaa kilichochemshwa. Alilala palepale Kilakala, akiosha kidonda asubuhi na jioni, akigombeza kila kilichopita mbele yake, pamoja na jogoo. Siku homa iliposhuka na Chausiku akaomba uji, Bibi alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni moshi. Jikoni hapakuwa na moto.

* * *

Pazi alipokuja siku iliyofuata, Bibi alimwekea mbele mfupa mbichi wa mguu wa mbuzi.

"Kwangua kwa ukucha."

Pazi alikwangua. Utando mwembamba, mweupe, wenye utelezi, ulijikunja chini ya ukucha wake kama ngozi inayoganda juu ya maziwa.

"Hiyo ndiyo nguo ya mfupa," alisema Bibi. "Kila mfupa unayo. Humo hupita damu ya kuulisha mfupa. Mfupa ukivunjika, nguo hiyo husaidia kuushona upya, na kwa watoto ni nene, ndiyo maana mnapona upesi kuliko akili zenu zinavyostahili. Sasa, kunja ngumi. Jipige kwenye paja."

Pazi alijipiga.

"Unaumwa?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Jipige vivyo hivyo kwenye ugoko."

Pazi alijipiga, akaruka juu na kuzunguka ua kwa mguu mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya ulanga, Chausiku alicheka.

"Umesikia? Ni hiyo nguo inayolia. Pajani imefunikwa na nyama, kwenye ugoko haina mlinzi. Kile kigamba kilipenya, kikakaa kati ya nguo na mfupa. Usaha ukajaa pale, ukaanza kuibandua nguo. Mfupa uliovuliwa nguo hukosa chakula, na mfupa uliokosa chakula hufa. Tungechelewa kidogo, mtani wako angetembelea gongo maisha yake yote, kama angetembea."

Pazi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mtani," alisema, na hakuongeza kichekesho chochote.

"Nilitaka kukuvunja ugoko," alisema Chausiku. "Kila siku nilikuwa nawaza nitumie jiwe au mchi."

"Mchi," alisema Pazi, baada ya kufikiri. "Jiwe huacha vipande."

"Nyamazeni!" alifoka Bibi. "Sijamaliza. Pazi, utani hauna ruhusa ya kutoa damu. Ukiona damu, utani umekwisha, kilichobaki ni kosa, na kosa husemwa. Na wewe, Chausiku. Hasira yako ilikuwa ya haki. Ningekuwa wewe ningemuuma. Lakini uliifunga ndani pamoja na jiwe lake, ukakaa kuilinda. Kidonda husafishwa kwanza, ndipo kifungwe. Ukigeuza, kinaoza."

"Niliogopa nyapara atasikia, Bibi."

"Nyapara hatasikia, maana neno hili halitoki nje ya ua huu. Ukweli una wenyewe, mjukuu wangu. Anayekutibu mpe wote, hata ule wa aibu. Nyapara mpe salamu."

Kisha akatoa hukumu, na hukumu yake haikuwa na rufaa. Kwa kuwa Chausiku hakuruhusiwa kukanyaga chini, na Bibi alitaka kumuuguzia kwake mlimani, Pazi angempeleka. Machela ikatengenezwa kwa kanga nene, ikaning'inizwa kwenye mti imara. Pazi akashika mbele, kaka yake Kibwana akashika nyuma, na Chausiku akalala katikati ameegemea mkono, kama wale mabwana wakubwa wa boma wanapokwenda kukagua nchi.

"Wapagazi!" alipaza sauti, pua juu. "Upesi! Mimi nina haraka ya kwenda kuhesabu milima yangu!"

Kilakala yote ilitoka kutazama. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakapiga saluti.

"Huyo mpagazi wa mbele anatembea kama kobe mwenye mimba!" Chausiku aliendelea. "Na asinune! Akinuna, kuku!"

Pazi hakununa. Walipovuka kijito na kufika pale njia iliposimama kama ngazi, Chausiku alizing'ang'ania kingo za machela. Pazi alihisi mti unavyotikisika. Hakugeuka na hakutania. Aliushusha mti kutoka begani, akaukumbatia chini ya kwapa ili machela isitelezee nyuma, akapanda ameinama hivyo, magoti yakikwaruzwa na mawe, mpaka juu kabisa.

Bibi Mwaisha, aliyewatangulia na fimbo yake, alimsubiri pale.

"Sasa," alisema, "umejua kubeba."